Mifupa Saba, Neva Nane

Wanangu mnaoanza kazi ya fiziotherapia, nianze na swali lililonishinda wiki yangu ya kwanza kazini. Shingo ya binadamu ina mifupa saba. Twiga naye ana saba, hata yule mnayemwona akivuka barabara mkishapita Idodi kuelekea mbugani. Sasa niambieni, ni jozi ngapi za neva zinazotoka kwenye shingo hiyo ya mifupa saba?

Nilijibu saba. Nilikuwa na cheti kipya na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mzee Mwaisaka, mkuu wa idara yetu katika hospitali moja ya Mbeya, hakunicheka. Alitoka nje akaenda jikoni kwa wapishi, akarudi na vigunzi saba vya mahindi, akavipanga mezani mstari mmoja.

"Pitisha kidole chako juu ya cha kwanza," akasema. "Kisha kati ya kila kimoja na mwenzake. Kisha chini ya cha mwisho. Umepitisha mara ngapi?"

Nikahesabu. Mara nane.

"Basi ndiyo hizo jozi nane. Ya kwanza inapita chini ya fuvu, juu ya mfupa wa kwanza. Ya nane inapita chini ya mfupa wa saba. Ukisahau hapo, utamtibu mtu kidole wakati ugonjwa uko kwingine."

Nilisahau hapo. Haukupita mwezi akaja fundi seremala mmoja wa Uyole, kidole gumba cha kulia kimekufa ganzi na mkono unawaka moto. Mimi nikaona kidole gumba, nikamtibu kidole gumba. Wiki sita nilimkandakanda, nikamchovya mkono kwenye maji ya moto, nikamfundisha kufinya mpira. Alikuwa mtu mstaarabu, kila wiki anasema "nafuu ipo kidogo," nami nafurahi. Siku moja Mzee Mwaisaka akapita, akasimama nyuma ya yule fundi, akamwinamisha kichwa taratibu kuelekea bega la kulia, akakikandamiza kidogo tu. Fundi akaruka kwenye kiti.

"Umeme umefika wapi?" mzee akamuuliza.

"Kwenye hiki hiki kidole gumba."

Mzee akanigeukia. "Gumba ni la neva ya sita. Kidole cha kati ni cha saba. Kidole cha mwisho ni cha nane. Mkono ni barua tu, binti. Mwandishi yuko shingoni."

Yule fundi nilimuuliza baadaye kwa nini alikuwa ananiambia nafuu ipo. Akasema, "Ulikuwa unajitahidi sana, dada. Sikutaka uvunjike moyo." Tangu siku hiyo mgonjwa akiniambia nafuu ipo, namuuliza nafuu hiyo inamsaidia kufanya nini.

Jambo jingine la kuwatahadharisha ni neno mshipa. Kwa wagonjwa wetu kila kitu ni mshipa. Neva ni mshipa, msuli ni mshipa, wa damu nao ni mshipa. Mzee mmoja alikuja akasema anasumbuliwa na mshipa, nikamgeuza shingo huku na huku kwa robo saa. Mwisho akaniuliza kwa aibu kama ngiri yake huwa inatibiwa kuanzia juu.

Siku zetu zile tulikuwa na kamba ya kuvutia shingo. Mgonjwa anakalishwa kitini, anavishwa mkanda kidevuni na kisogoni, kamba inapita kwenye gurudumu juu ya mlango, na upande wa pili unaning'inia mfuko wa mchanga. Kuna waliopata nafuu. Lakini siku moja nilikuwa namfunga mkanda dereva wa lori, na Mzee Mwaisaka akanishika mkono kabla sijauachia mfuko. Alikuwa amemwona yule dereva akihangaika na vifungo vya shati wakati wa kuvua. Akamwambia atembee kwa mstari, kisigino mbele ya kidole. Dereva akayumba kama aliyekunywa pombe, na hakuwa amekunywa. Kumbe shida yake ilikuwa imeshagusa ule uzi mkuu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo, na kuvuta pale ningeweza kumlemaza. Alipelekwa kwa wapasuaji siku hiyo hiyo. Mtu mwenye maumivu ya shingo ambaye mikono yake imekuwa mizito kwenye vifungo, au miguu haimsikilizi, au mkojo umeanza kumponyoka, msimguse. Mkimbizeni kwa daktari.

Hayo yote niliyajua vizuri alipokuja Kabula. Na kuyajua vizuri ndiko kulikoniponza.

Kabula alitoka Ubaruku. Familia ya mumewe ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe zamani, wakaishia kulima mpunga. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye trela la trekta, juu ya magunia, wakipeleka mpunga mashineni. Hakuvunjika kitu. Akainuka, akajifuta vumbi, wakaendelea. Shingo ikaanza kuuma kesho yake, na alipofika kwangu ilikuwa imeuma miaka minne. Alikuwa ameshavaa kola ya kushikilia shingo, amekunywa vidonge vya kila rangi, amechomwa sindano za maumivu makalioni mpaka ngozi ikawa ngumu, na kisogoni alikuwa na chale za waganga wawili tofauti. Ukimwita, hageuzi kichwa. Anageuka mwili mzima, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Alikuja na mumewe, Shija, kijana mrefu mpole ambaye kofia yake haikutulia mikononi. Nikampima kama nilivyofundishwa. Vidole vyote vina hisia. Mikono ina nguvu. Vifungo anafunga. Mwendo umenyooka. Picha ya eksirei safi. Nikapitia jozi zangu nane moja baada ya nyingine, zote nzima. Nikamwambia, mbele ya mumewe, kwa sauti ya kumpa habari njema:

"Dada, shingo yako haina kitu. Hayo ni mawazo. Punguza mawazo, utapona."

Shija akamwangalia mkewe. Kabula akajifunga khanga yake. Wakaondoka. Mimi nikaita mgonjwa mwingine.

Miezi sita baadaye akarudi peke yake. Hakuwa na cheti cha kumwona mtu. Aliketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka nilipotoka kwenda kunywa chai.

"Sikuja kutibiwa," akasema. "Nimekuja uniandikie karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Kwamba naumwa kweli. Mama mkwe wangu anasema naugua msimu wa kupandikiza, napona msimu wa kula. Zamani Shija alikuwa ananitetea. Tuliporudi kutoka kwako wakakaa kikao, wakamuuliza hospitali wamesemaje. Akasema ukweli, wamesema ni mawazo. Basi. Sasa hivi niko kwa kaka yangu Igurusi. Watoto wamebaki kule."

Hakulia wala hakunilaumu. Alikuwa ananieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kufika sehemu fulani. Nikamwambia siwezi kuandika kitu nisichokijua. Akaitikia, akainuka mwili mzima, akataka kuondoka. Nikamshika mkono, nikamwambia nipe muda nitafute. Sikuwa na pa kutafutia. Nilisema tu.

Mzee Mwaisaka alikuwa ameshafariki. Aliyenisaidia alikuwa Daktari Neema, daktari wa usingizi aliyekuwa amerudi kutoka kusomea tiba ya maumivu, umri wa binti yangu wa pili. Watu wengi hudhani daktari wa usingizi kazi yake ni kulaza watu tu wapasuliwe. Nilimkuta anakunywa chai na maandazi, nikamweleza juu ya Kabula. Akaniuliza, "Mama, kile kiungo cha nyuma ulikipima?"

Nikasema kiungo gani.

Akaweka andazi pembeni, akakunja ngumi mbili, akazipandanisha. Akanieleza kwamba kila mfupa wa shingo unakutana na mwenzake mbele kwa ule mto laini, lakini nyuma pia wanakutana kwa viungo viwili vidogo, kushoto na kulia, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa gumba. Viungo hivyo vinaweza kuumia kwenye ajali bila kuvunjika, na eksirei isione kitu. Kisha akaniambia jambo ambalo Mzee Mwaisaka hakuwahi kunifundisha, au alinifundisha nikalala. Kila neva ikishatoka, hurudisha tawi dogo nyuma, jembamba kama uzi wa kushonea, linalozunguka kiuno cha mfupa na kwenda kwenye kiungo hicho. Kwa kawaida kila kiungo hupata matawi mawili, moja la juu yake na moja la chini yake.

"Tawi hilo halifiki mkononi," akasema. "Ukipima vidole mpaka kesho hutalikuta."

Miaka karibu thelathini nilikuwa nashika shingo za watu, nikipita na vidole vyangu juu ya nyuzi hizo bila kujua zipo. Nikamuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Nyuzi hizo unazionaje? Huzioni, akasema, unaona mfupa kwenye mashine ya picha na unajua uzi unapita wapi. Unajuaje kama ndizo zenye makosa? Unazilaza. Unaweka tone la dawa ya ganzi pembeni ya uzi, tone tu, kisha unamuuliza mgonjwa. Maumivu yakiondoka, umempata mhusika. Yasipoondoka, hukumpata.

Kabula aliitwa. Alilazwa kwa ubavu, macho wazi, mimi nimemshika mkono. Neema alisoma faili langu, nililoandika "maumivu ya shingo na bega la kushoto," akachagua viungo vya chini, vinavyopeleka maumivu begani. Sindano nyembamba, picha, tone, picha. Tukasubiri nusu saa.

"Vipi?"

"Vile vile," Kabula akasema.

Tukasubiri tena. Vile vile. Aliketi kitandani akivaa viatu, akasema taratibu, "Basi ni kweli ni mawazo."

Neema akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki naye. Nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza. Nikamuuliza, ukiamka asubuhi, kabla hayajasambaa, yanaanzia wapi? Akapeleka kidole chini ya fuvu, upande wa kushoto, akabonyeza.

"Hapa. Halafu yanapanda nyuma ya sikio, yanakuja mpaka juu ya jicho. Bega linafuata jioni, kwa kukaza."

"Mbona hukuniambia hivyo siku ile?"

"Nilikuambia, mama. Ukaandika bega."

Nikafungua faili. Bega lilikuwepo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nikamfuata Neema wodini nikamweleza. Hakunisema. Akasema tu, "Basi tulipiga hodi nyumba siyo." Kile kiungo cha juu, kati ya mfupa wa pili na wa tatu, kina neva yake ya pekee inayopita juu ya mgongo wa kiungo chenyewe na kupanda kisogoni. Ndiyo maana maumivu yake watu huyaita kichwa, wakapewa dawa za kichwa miaka na miaka.

Baada ya wiki mbili akalala tena kwa ubavu. Safari hii dakika ishirini hazikuisha. Nilikuwa naandika, nikainua macho. Kabula alikuwa amekaa, ameupa ukuta wa nyuma uso wake, na mabega yake yalikuwa yametazama mbele.

"Kumbe humu ndani kuna saa," akasema.

Hii ilikuwa mara yake ya pili kuingia chumba kile. Saa ilikuwa nyuma ya kitanda. Akageuza kichwa upande wa pili, akarudi kwenye saa, akageuza tena, polepole, kama anayejaribu mlango uliokwama muda mrefu. Neema akamwambia asishangilie mapema, aandike kila saa maumivu yakoje. Jioni yakarudi yote, nami nikafadhaika. Neema akafurahi.

"Nilitaka yarudi. Dawa hii ni ya muda mfupi. Yangebaki yameondoka wiki nzima, ningeogopa kwamba tumetibu matumaini tu."

Akarudia siku nyingine kwa dawa ya ganzi ya aina tofauti, ya muda mrefu zaidi, bila kumwambia Kabula ni ipi wala mimi. Nafuu ikakaa muda mrefu zaidi, kama ilivyotakiwa. Mgonjwa anayedanganya angejuaje?

Ndipo nilipoandika karatasi. Lakini niliona karatasi haitoshi, nikampigia Shija simu aje. Alikuja, akakaa na kofia yake. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba nilikosea, kwamba Kabula alinieleza ukweli nami sikusikiliza.

"Sasa mama," akauliza, bila ukali, "nikirudi nyumbani nishike neno lipi? La kwanza au hili?"

"La kwanza nililisema kwa kutokujua. Hili nimeliona."

Akaomba kuonyeshwa. Neema akamwekea picha, sindano imesimama juu ya mfupa kama uzi mweupe, akamweleza kwamba kinachofuata ni kuinyamazisha neva ile. Shija hutengeneza power tiller za watu kule kwao, zile trekta ndogo za mkono, akaitazama kifundi.

"Kwa hiyo huo ni waya," akasema. "Mkiukata, taa ya hatari inazima. Lakini kile kilichowasha taa kimetengenezwa?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi. Neema akamjibu kweli: hapana. Kiungo kinabaki kilivyo. Neva itachomwa kwa joto la ncha ya sindano, itaacha kupeleka habari ya maumivu, lakini neva huota tena. Baada ya miezi kadhaa, mwaka, pengine zaidi, itaota, na huenda maumivu yakarudi, na huenda ikabidi kurudia. Nafuu hiyo ni nafasi ya kuimarisha misuli ya shingo iliyolala kwa woga. Na si kila shingo inafaa hivyo. Yule fundi seremala wangu, ambaye neva yake ya mkono ilikuwa imebanwa, usingemchoma kitu.

Mashine ya kuchoma haikuwepo kwetu. Ilibidi waende hospitali kubwa mbali, na kungoja foleni miezi. Shija alikwenda naye. Waliporudi, walirudi pamoja Ubaruku. Igurusi walisimama kuchukua begi lake tu. Wiki ya kwanza Kabula aliyumba akitembea, na sehemu ya kisogo ilikuwa na ganzi, anasema kama amevaa kofia isiyoonekana. Tulishamwambia itatokea hivyo, kwa hiyo hakuogopa. Kisha akawa anakuja kwangu kwa mazoezi. Anakaa, anaitikia kwa kidevu kidogo sana, kama mtu anayekubali jambo bila kutaka wengine wajue, anashikilia, anaachia. Ni zoezi dogo, na wagonjwa hulidharau. Msiwaache walidharau.

Hakupona moja kwa moja, nisiwadanganye. Alibaki na uchovu wa shingo siku za baridi. Mwaka na kitu baadaye maumivu yalianza kurudi chini ya fuvu, akachomwa mara ya pili. Lakini alipandikiza mpunga misimu hiyo, na watoto walikuwa wanalala nyumba moja naye.

Nilipostaafu nikarudi kwetu Iringa, Mlandege. Mwaka jana nilikuwa nakwenda Mbeya, Kabula akasema nisipite njia kuu bila kuingia kwao. Ilikuwa baada ya mavuno, uani mpunga umeanikwa kwenye maturubai, kuku wanafukuzwa. Kabula alinipokea mzigo, akakimbilia jikoni. Nikaachwa na mama mkwe wake, Mama Shija, mwanamke mkavu, mnyoofu, ambaye nilikuwa nimemsikia miaka yote lakini sikuwahi kumwona. Nilikaa kwa tahadhari. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za watoto, mvua na mpunga. 

Mama Shija akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Wewe ndiye wa shingo?"

"Ndiyo, mama. Nimeshastaafu, lakini ndiye mimi."

Akatazama jikoni, kuona kama mkwe wake anasikia. Akashusha sauti.

"Hiyo inayoanzia hapa chini ya fuvu, ikapanda nyuma ya sikio. Mimi ninayo. Tangu mtoto wangu wa tatu, na huyo sasa ana watoto wake."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba mpunga. Mama yangu naye alikuwa hageuzi kichwa. Sikumsema mke wa Shija kwa ubaya," akasema. "Nilidhani shingo ya mwanamke ndivyo ilivyo, na yeye ndiye ameshindwa kuvumilia."

Nikanawa mikono kwenye beseni la kunawia wageni, nikasimama nyuma yake, nikamwomba alegeze kilemba.